Blogu imekwama kwenye matengenezo, fundi anataka kuifuta yote

BARUA

Ndugu washauri, habari za kazi.

Nina blogu ya WordPress ninayoiendesha hapa Kirumba. Naandika bei za dagaa, sangara na sato za mwaloni, pamoja na ratiba za meli na vivuko vya Nansio. Wasomaji wangu wengi ni wafanyabiashara wa Ukerewe, Sengerema na Geita. Wanaangalia bei kabla hawajasafirisha mzigo, kwa hiyo blogu ikizima simu yangu haipumziki.

Jumamosi jioni niliingia kwenye dashibodi nikakuta plagini (programu ndogo za nyongeza) kadhaa zinataka kusasishwa. Nikatiki zote, nikabonyeza kitufe. Kazi ikiwa inaendelea umeme ukakatika mtaa mzima, ruta ikazima. Uliporudi nikakuta blogu haina makala wala picha, ni sentensi moja tu ya Kiingereza kwenye ukurasa mweupe: "Briefly unavailable for scheduled maintenance. Check back in a minute." Nikajaribu wp-admin, yaani mlango wa dashibodi, nayo ikaleta maneno hayohayo. Tangu usiku ule sijagusa tena kule kwa kuogopa kuharibu zaidi.

Cha kushangaza, si kila mtu anaona hivyo. Ukurasa wa mbele unaleta sentensi hiyo mpaka leo, kwangu na kwa wasomaji wengi, lakini binamu yangu aliyeko Sengerema amefungua makala ya zamani ya bei za mabondo na imefunguka vizuri.

Kampuni inayonihifadhia tovuti imejibu kwamba seva yao haina tatizo. Fundi mmoja wa hapa mjini anasema mafaili yameharibika, dawa ni kufuta kila kitu na kuweka WordPress upya kwa laki mbili, na makala "zitaangaliwa baadaye". Makala hizo ni kazi ya miaka. Nimkabidhi? Na nifanyeje lisijirudie, maana umeme wetu mnaujua? Natumia simu zaidi, ila kompyuta mpakato ninayo.

Natanguliza shukrani.

Mwandishi wa bei za mwaloni,
Kirumba, Mwanza

MAJIBU

Ndugu yetu wa Kirumba, pole sana. La kwanza kabisa: asifute mtu kitu chochote. Makala zako, maoni ya wasomaji na mipangilio ya plagini vinakaa kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya data ya tovuti. Picha zinakaa kwenye folda ya wp-content/uploads. Kinachobadilishwa unaposasisha plagini ni mafaili ya programu yaliyo ndani ya wp-content/plugins, na hayo kwa kawaida hupatikana tena bure wakati wowote. Huyo fundi anataka kuhatarisha kitu pekee kisichoweza kupatikana tena, ili atengeneze kile ambacho kingeweza kupakuliwa kwa dakika mbili.

Kilichotokea ni hiki. Kabla ya kubadilisha mafaili ya plagini inayotumika, WordPress huandika faili dogo liitwalo .maintenance kwenye folda kuu ya tovuti, jirani na wp-config.php. Ndani yake mna kitu kama hiki:

$upgrading = 1718452800;

Nambari hiyo ni saa, iliyohesabiwa kwa sekunde tangu 1 Januari 1970. Hii tuliyoiweka kama mfano ni Jumamosi ya 15 Juni 2024, saa tisa kamili alasiri kwa saa za kwetu. Faili likiwepo, kila anayefungua ukurasa wowote, hata wewe mwenye tovuti ukienda wp-admin, anapewa ile sentensi. Pamoja nayo hutumwa msimbo 503, unaoziambia Google na wenzake kwamba tovuti haijafa, warudi baada ya sekunde 600. Kazi ikimalizika, WordPress hulifuta faili yenyewe. Kwako haikufika huko.

Huenda unajiuliza umeme wa Kirumba unahusikaje na seva iliyo mbali. Unahusika kwa njia hii: ukurasa wa kusasisha plagini nyingi kwa mkupuo hutuma taarifa hatua kwa hatua kwenye brauza yako, na PHP, lugha inayoiendesha WordPress kwenye seva, inapogundua kwamba hakuna tena wa kupokea, inaweza kukatisha kazi katikati. Sababu nyingine zinazoleta ajali hiyohiyo bila umeme kukatika ni muda wa PHP kuisha (seva nyingi huruhusu sekunde 30 kwa kazi moja), kumbukumbu kuwa ndogo, au nafasi ya diski kujaa wakati zipu (faili lililobanwa) ya sasisho inafunguliwa. Hiyo ya diski tutairudia, maana kwa blogu yenye picha nyingi za simu ndiyo tunayoishuku mara nyingi.

Sasa jambo ambalo hata mafundi wengi hulipita: WordPress hailiheshimu faili hilo milele. Saa iliyoandikwa ndani ikishapita kwa dakika 10, hulipuuza na kufungua tovuti kama kawaida, hata faili likibaki palepale. Kwa hiyo sentensi unayoiona leo haiwezi kuwa inatoka kwenye faili la Jumamosi peke yake. Kuna kitu kingine kinachoishikilia, na kabla ya kufuta lolote inabidi tukijue.

Anza na jina la blogu yako ukifuatisha /wp-login.php. Tumia dirisha la faragha la brauza, lile lisilotunza historia, ili simu isikuletee ilichokihifadhi. Usiogope, kufungua ukurasa wa kuingilia hakuharibu kitu. Kisha fungua ukurasa wa mbele ukiongeza ?jaribu=1 mwishoni mwa anwani. Anwani yenye nyongeza kama hiyo kwa kawaida haijawahi kuhifadhiwa popote, hivyo unachokiona kinatoka kwa WordPress yenyewe wakati huohuo.

Kama ukurasa wa kuingilia umefunguka na ?jaribu=1 imeleta blogu yako nzima, tatizo ni kashe (nakala za kurasa zinazohifadhiwa ili zifunguke haraka). Yaani Jumamosi usiku, katika zile dakika 10, plagini ya kashe au seva ilipiga nakala ya ukurasa wa mbele ukiwa na ile sentensi, na mpaka leo inawagawia watu nakala hiyo. Tunadhani hapa ndipo ulipo, kwa sababu ya makala ya mabondo iliyofunguka Sengerema. Hatuapi, kwa kuwa makala ile nayo ingeweza kuwa nakala ya kashe ya kabla ya ajali. Ndiyo maana tunakutaka upime kwanza kwa wp-login.

Dawa yake ni kuingia kwenye dashibodi na kusafisha kashe yote. Kwenye LiteSpeed Cache ni Toolbox, halafu Purge All. Plagini nyingine nazo huwa na kitufe cha namna hiyo juu ya dashibodi. Kama plagini ya kashe ndiyo iliyoharibika na huioni, nenda kwenye mafaili (njia iko kwenye aya inayofuata), ingia wp-content/cache, ufute vilivyomo ndani ukiiacha folda yenyewe. Ukiwa unapitia Cloudflare (huduma inayokaa kati ya tovuti na wasomaji), fahamu kwamba kwa kawaida haihifadhi kurasa zenyewe ila picha na mafaili ya mtindo, isipokuwa mtu aliiwekea kanuni ya kuhifadhi kila kitu. Kama kanuni hiyo ipo, bonyeza Purge Everything. Wasomaji watakaoendelea kuona sentensi baada ya hapo waambie wapakie ukurasa upya. Kilichobaki kiko kwenye simu zao.

Kama wp-login nayo bado inaleta sentensi, basi faili la .maintenance lina nguvu bado, na unatakiwa uende lilipo. Fungua cPanel (paneli ya kusimamia tovuti kwenye seva) kwenye simu, weka brauza kwenye mwonekano wa kompyuta, ingia File Manager kisha public_html. Faili linaloanza na nukta hufichwa, ndiyo maana watu hulitafuta wakasema halipo. Bonyeza Settings kwenye kona ya juu kulia, tiki Show Hidden Files, hifadhi. Litatokea juu kabisa ya orodha, karibu na .htaccess. Hilo la .htaccess usiliguse. Anayetumia FileZilla (programu ya kuhamishia mafaili) achague kwenye menyu ya Server kipengele cha kulazimisha mafaili yaliyofichwa yaonekane.

Kabla hujalifuta, lifungue ulisome. Ukikuta nambari ya siku ya leo au ya jana, maana yake kuna sasisho la kiotomatiki linalojaribu, linashindwa, na kuandika faili upya. WordPress huangalia masasisho mara mbili kwa siku, kwa hiyo tovuti ya namna hii hufunga na kufunguka kama taa mbovu, na kufuta faili ni kupoza tu mpaka plagini inayokwama ishughulikiwe. Ukikuta imeandikwa

$upgrading = time();

basi hilo halikuandikwa na WordPress. Kuna mtu au programu iliyoliweka kwa makusudi, kwa kuwa time() ni saa ya sasa hivi kila inaposomwa, na dakika 10 hazifiki kamwe. Muulize aliyewahi kupewa nywila zako. Kwa vyovyote, baada ya kulisoma lifute, subiri kidogo, upakie ukurasa tena. Mwenye njia ya SSH na WP-CLI (kuiendesha seva kwa kuandika amri) anaandika tu wp maintenance-mode deactivate akiwa ndani ya folda ya tovuti.

Kuna hali ya tatu, ingawa kwako haielekei, kwa sababu ulipata sentensi ya WordPress yenyewe. Wewe ukiingia unaona blogu iko salama, wageni wanaona "tunarudi hivi punde" yenye rangi na nembo. Hiyo ni plagini au chombo cha seva: Elementor ina sehemu hiyo kwenye Tools, WooCommerce ina yake kwenye mipangilio ya mwonekano wa tovuti, na WP Toolkit ya cPanel ina swichi ya matengenezo. Inazimwa hapohapo ilipowashwa. Kufuta .maintenance hakutaisaidia.

Blogu ikirudi, usishangilie ukaondoka. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Mojawapo ya zile plagini ulizotiki iliachwa nusu, na usipoipata utaamka siku moja ukute ukurasa mweupe au taarifa ya hitilafu kubwa.

Ila kwanza chukua bakapu (nakala ya akiba). Kwenye cPanel fungua phpMyAdmin, chagua kanzidata ya blogu, bonyeza Export, upakue. Faili hilo ni dogo ukilinganisha na picha, halitamaliza bando, na ndani yake ndimo zilimo makala zako zote. Kisha folda ya uploads ibane kwa Compress uipakue ukipata intaneti ya bei nafuu. Zipu ya bakapu usiiache ndani ya public_html. Mtu yeyote atakayekisia jina lake ataipakua, na kama umebana tovuti nzima humo mna wp-config.php yenye nywila ya kanzidata.

Sasa ingia wp-content. Angalia folda ya upgrade: kazi ikiisha salama huwa tupu. Ukikuta humo folda yenye jina la plagini, hiyo ndiyo iliyokuwa mezani umeme ulipokatika. Angalia pia upgrade-temp-backup/plugins. Tangu WordPress 6.3 ya mwaka 2023, toleo la zamani la plagini huwekwa humo kwanza, ili sasisho likishindwa lirudishwe. Lakini kurudisha kwenyewe hufanywa na kazi ileile iliyokatishwa, hivyo kwa ajali ya ghafla unaweza kukuta nakala ya zamani imelala humo na mahali pake ndani ya plugins hapana kitu. Linganisha majina. Folda inayokosekana kwenye plugins, au yenye mafaili mawili matatu wakati nakala ya zamani ina mengi, ndiyo mgonjwa wako.

Namna ya kuitibu ina mtego mmoja. Usibonyeze Delete kwenye ukurasa wa plagini wa dashibodi. Plagini nyingi zimeandikwa hivi kwamba ukizifuta kwa njia hiyo zinafagia na mipangilio yake yote kwenye kanzidata. Pakua zipu ya plagini hiyo kutoka WordPress.org, nenda Plugins, Add New, Upload Plugin, uipandishe. Ikikuta folda ipo, itakuuliza kama iweke mpya mahali pa ya zamani, kubali. Kama folda haipo itaiweka upya, na mipangilio yako utaikuta ilivyokuwa, kwa kuwa ilikaa kwenye kanzidata muda wote. Plagini ikiwa imezimwa na WordPress kwa sababu faili lake halikuonekana, iwashe tena baada ya hapo.

Dashibodi ikikataa kabisa kufunguka kwa hitilafu kubwa, angalia barua pepe ya msimamizi wa tovuti. Tangu toleo 5.2 WordPress hutuma humo kiungo cha kuingilia kwa hali ya uokoaji, na hutaja plagini iliyosababisha. Kiungo hudumu siku moja. Barua isipofika, jambo la kawaida kwa seva za bei ndogo, nenda File Manager, badilisha jina la folda ya plagini unayoishuku, kwa mfano uongeze -zima mwishoni. WordPress haitaiona, itaizima, na dashibodi itafunguka. Ukirudisha jina, plagini itakuwa imezimwa ila data zake zipo.

Kama kati ya ulivyotiki ilikuwemo WordPress yenyewe, angalia kwenye ukurasa wa Updates. Ukiambiwa kuna sasisho jingine linaendelea, hiyo ni kufuli inayojifungua baada ya dakika 15. Halafu bonyeza kitufe cha kusakinisha tena toleo lilelile. Hubadilisha mafaili ya wp-admin na wp-includes bila kugusa wp-content. Ikikutaka usasishe kanzidata, kubali, bakapu unayo.

Sasa ile diski. Kwenye cPanel fungua Disk Usage. Picha moja ya simu ya sasa ni megabaiti tatu hadi tano, na WordPress huitengenezea nakala kadhaa za ukubwa tofauti. Ukipiga mafungu ya dagaa kila siku na kuyapandisha bila kuyapunguza, kifurushi kidogo hujaa. Plagini za bakapu nazo huweka nakala zake palepale. UpdraftPlus kwa mfano huziweka wp-content/updraft. Hamishia nakala hizo kwenye Google Drive, ubakize moja au mbili kwenye seva. Kwa picha za bei, upana wa pikseli 1,200 unatosha kabisa, na msomaji wa Nansio mwenye bando dogo atakushukuru.

Kuhusu lisijirudie. Unaposasisha kwa mkono, tumia mpakato wenye chaji, intaneti ichukuliwe kwenye simu, ruta ya umeme iachwe. Mpakato wa zamani usiokaa na chaji, afadhali utumie simu peke yake. Sasisha plagini moja moja, ufungue blogu kati ya moja na nyingine, ili ikiharibika ujue ni ipi. Chagua wakati ambao wasomaji ni wachache: alfajiri watu wanasubiri bei, basi usiguse. Siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wakiwa wamepumzika, ni nafasi nzuri ya kazi hii.

Na kwa plagini ndogondogo tungekushauri uwashe masasisho ya kiotomatiki. Wengine wanayaogopa. Kwa mazingira yako tunaona ni salama kuliko mkono, kwa sababu yanafanyika ndani ya seva bila kutegemea brauza yako wala umeme wa Kirumba, na tangu WordPress 6.6 ya mwaka 2024, plagini iliyosasishwa kiotomatiki ikileta hitilafu kubwa hurudishwa toleo lake la awali. Zile kubwa, kama ya kujengea kurasa au ya duka, ziache usasishe mwenyewe.

Ukiona yote haya ni mazito, mtafute fundi, ila si kwa kazi ya kufuta. Mwambie hivi: "Nataka usome faili la .maintenance, usafishe kashe, na uniambie plagini ipi iliachwa nusu." Akishamaliza, badilisha nywila ya cPanel na ya WordPress siku hiyohiyo.